Mifano Kumi ya Randu

Saa nne asubuhi, njia panda ya Diani pale Ukunda haina adabu. Bodaboda zinapiga honi, muuza madafu anagombana na nzi, mama wa viazi karai anakaanga huku akiteta na wateja watatu kwa mkupuo, na kila mtu ana haraka ya kwenda mahali ambako atachelewa tu. Hapo ndipo Dama wa Sanga alipokuwa amesimama, leso ya zambarau kiunoni juu ya dera jeupe, kiazi cha tatu mkononi, gari la hoteli lilipoegesha na kumwaga Wachina kumi na wanane.

Nyuma yao akateremka Randu.

Shati la samawati, kibendera cha manjano cha kuongozea wageni, na yale mabega. Dama aliyajua yale mabega kama anavyojua bei ya unga. Alikuwa hajayaona kwa miezi mitano, na kwa miezi hiyo mitano aliyaombea mambo ambayo si vizuri kuyataja mbele ya watu waliokwisha kutawadha. Akageuka upesi, akajifanya anachagua pilipili.

"Kiongozi," alisema bibi mmoja wa Kichina, nywele fupi nyeupe, raba za waridi miguuni, kwa Kiingereza cha mtu aliyejifunza ukubwani, "wenzako wote wamevaa jina kifuani. Wewe jina lako nani?"

Randu alisita, kama mtu anayeulizwa na polisi.

"Naitwa Randu."

Wachina wakatazamana. Kisha yule bibi akaweka mikono nyuma kama mtoto wa darasa la kwanza, akatamka polepole, kila neno akilipa haki yake: "Randu failed to come."

Mzee mwenye kamera akadakia: "Randu failed his mother!"

Na kundi zima, kwa sauti ya kwaya ya Pasaka: "The brakes failed. Randu was the driver!"

Vicheko vikaipasua njia panda. Hata muuza madafu alicheka, na hakuelewa neno. Dama alitaka kucheka pia, maana kicheko kile alikuwa amekitolea jasho, lakini kiazi kikampalia. Akakohoa, machozi yakamtoka, mama wa viazi akampiga mgongoni kofi la kutoa roho.

"Excuse me," Dama alisema, akijaribu kupenya katikati ya wageni akimbie.

Yule bibi akaganda. Akamshika mkono.

"Sauti hii!" akapiga kelele. "Sauti hii naisikia kila asubuhi nikipiga mswaki! Mwalimu Dama!"

Dama alitamani ardhi ya Ukunda ifunguke. Ardhi ya Ukunda ina shughuli zake, haikufunguka. Akainua macho, akakutana na ya Randu.

"Kumbe ni wewe kweli," Randu alisema.

*

Sasa tuseme ukweli, maana mwenye kisasi hutaka kila mtu asikie upande wake.

Dama alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na wanafunzi wake walikuwa Uchina, watu elfu sitini ambao hajawahi kuwaona. Kampuni moja ya huko ilimlipa kwa neno. Wiki hii neno hili, wiki ijayo lile. Kila neno alitakiwa kueleza maana zake na jinsi linavyotumika, kisha atunge mifano kumi na kuisoma kwa sauti yake. Alirekodi ndani ya kabati la nguo, kichwa katikati ya makoti ya marehemu mama yake, ili majogoo wa kijijini kwao Waa wasijitie kwenye somo. Mwanafunzi husikiliza mfano, hurudia kwa sauti mara tano, kisha huuandika. Akikosea, mashine humrudisha mwanzo. Na mfano ukishapokelewa haufutwi.

"Tumia majina ya kwenu," kampuni ilimwambia. "Wanafunzi wamechoka na akina John."

Wakati huo jina lililokuwa mdomoni mwake lilikuwa moja tu. Randu aliwapeleka wageni Kisiwa cha Chale kwa mashua ya hoteli, na Kichina alikuwa amejifunza mwenyewe, kwa kuwauliza wageni majina ya vyakula vyao mpaka wakachoka. Kila jioni, akishawashusha, alipiga simu.

"Mwalimu, leo neno gani?"

"'Sweet'."

"Basi mifano kumi ni mimi."

"Mfano wa tisa nimemtia mbuzi wa shangazi Kache."

"Kipenzi, umenilinganisha na mbuzi?"

"Mbuzi kakushinda ndevu, lakini usijali."

Mapenzi yao yalikuwa hivyo, ya kuchokozana, mpaka Randu akasema sasa yatosha, anawatuma wazee. Siku ikapangwa, Jumamosi. Baba yake mdogo, Ngala, mgema wa Msambweni, ndiye angebeba mnazi wa posa, dumu la tembo, mpaka Waa, yeye na mwenzake mmoja. Kwa mila ya kwao, wenyewe wanaooana hukaa pembeni siku hiyo. Huulizi, hupigi simu, hukai dirishani ukichungulia. Wazee wakishika neno, vijana hushika adabu.

Nyumbani kwa Dama walichinja kuku saba. Shangazi Kache alipika wali wa nazi sufuria mbili. Na mzee Sanga, baba yake Dama, ambaye tangu kiharusi kimpige mwaka juzi hajasimama wala kutamka neno, alivalishwa shati jeupe la Krismasi, akawekwa kwenye kiti cha mkono uani, uso ukiielekea njia. Akakaa hapo tangu saa tatu. Jua likamfuata, wakamsogeza. Likamfuata tena, wakamsogeza tena. Saa kumi na moja jioni alikuwa bado anatazama njia, na chozi moja lilikuwa likishuka kwenye shavu lile lisilohisi kitu.

Hakuna mtu aliyekuja.

Siku ya pili ujumbe wa Randu ukaingia: "Nimeelewa. Kila la heri, Dama."

Dama akapiga simu. Ikakatwa. Akapiga tena. Ikakatwa. Akaketi kitandani, akausoma ule ujumbe mara kumi na moja. Kuachwa yeye angeweza kumeza. Alikwisha kumeza mengi, ada za shule zilizokosekana, mama aliyekufa mvua ikinyesha. Lakini lile shati jeupe la baba yake halikumezeka.

Neno la wiki ile lilikuwa "fail".

Akaingia kabatini. Ni neno zuri, aliwaeleza Wachina wake, maana lina kazi nyingi. Mswahili huhitaji maneno matano kwa kazi linazofanya peke yake. Mtu hufeli mtihani. Breki hukatika. Mavuno huharibika. Mtu humwangusha aliyemtegemea. Mtu huahidi kuja asije. Na kila kazi akaitolea mfano, na kila mfano akautia jina. Randu alifeli mtihani mara tatu. Moyo wa Randu ulimsaliti alipomwona panya. Breki zilikatika, dereva alikuwa Randu. Randu alimwangusha mama yake. Randu hakuja.

Alisoma mifano tisa kwa sauti tamu kuliko siku zote. Wa kumi ulikuwa "without fail", yaani bila kukosa, na hapo akakwama, maana huo ni wa kumsifu mtu. Akauacha wazi, akawaambia kampuni atautuma baadaye. Kila wiki walimkumbusha. Kila wiki alisema kesho.

Usiku ule alilala kama mtoto aliyeshiba.

*

"Unajua umenifanya nini?" Randu alisema pale pale njia panda, akimwelekezea kibendera. Wageni walikuwa wamezunguka, viazi mkononi, wakitazama kama wako uwanja wa mpira. "Familia mbili zilikataa kupanda mashua yangu. Eti breki! Dama, mashua ina breki?"

"Haina."

"Meneja akaniondoa safari za Chale. Miezi miwili nimebeba masanduku. Mtoto wa miaka sita ameniambia kwa Kiingereza safi kwamba nimemwangusha mama yangu. Mama yangu ananipenda!"

Hebu tusimsingizie wema: kwa pumzi moja nzima Dama alifurahi kama mtu aliyeokota pesa. Kisha pumzi ya pili ikaja, na ndani yake kulikuwa na kiti cha mkono.

"Na wewe unajua ulifanya nini?" Sauti yake ilishuka, na iliposhuka ndipo ilipotisha. "Kuku saba, Randu. Baba yangu ameketi juani tangu asubuhi mpaka jioni, shati jeupe, akingoja wazee wako. Nilimfuta machozi kwa leso hii hii. Usiponitaka, sema. Lakini baba yangu alikukosea nini?"

Randu akashusha kibendera.

"Akingoja wazee wangu vipi?" akauliza polepole. "Si walifika?"

"Walifika wapi?"

"Kwenu! Baba mdogo alirudi akasema mmeukataa mnazi. Akasema hata wewe mwenyewe ulitoka nje ukasema hunitaki. Ndiyo nikakuandikia nimeelewa. Ningesema nini tena?"

"Ungeuliza!"

"Nimuulize mtu aliyenikataa mbele ya wazee? Na wewe mbona hukuniuliza?"

"Nilipiga simu mara mbili ukakata!"

"Nilikuwa nalia!"

Mama wa viazi akaacha kukaanga. "Eeh," alisema, "hapa pana mtu wa tatu."

Yule bibi wa raba za waridi, ambaye jina lake Bi Qiu, akamvuta Dama leso. "Mwalimu, wanasema nini? Niambie polepole."

"Wanasema," Dama alijibu kwa Kiingereza, macho hayabanduki kwa Randu, "kesho tunakwenda Msambweni."

*

Kesho yake Dama na Randu walimkuta Ngala chini ya minazi yake, anasafisha kibuyu. Mtu mnene, mchangamfu, macho yenye maji. Walikuwa wamekubaliana njiani nani aseme nini.

"Shikamoo baba," Dama alisema, akipiga goti, sauti ina asali ya kutosha kuita siafu.

"Marahaba mwanangu, marahaba! Randu, umeniletea nani mzuri hivi?"

Randu akamtazama Dama. Ngala hakumjua. Mtu aliyedai amekataliwa na msichana uso kwa uso hakuujua uso wenyewe.

"Mwenzangu wa kazini, baba mdogo. Anaandika mambo ya mila. Anataka kusikia posa zinavyokwenda, hasa zile zinazokataliwa."

"Ah! Amefika kwa mwenyewe." Ngala akajiweka sawa juu ya kigogo. Dama akatoa simu, akabonyeza kinasa sauti, akaiweka mapajani. "Mwaka huu huu nilipeleka posa ya huyu kijana Waa. Dumu la lita ishirini, mnazi nimeugema mimi mwenyewe. Tukabisha hodi. Baba wa msichana akatoka. Pande la mtu! Akasimama mlangoni hivi, miguu mipana, akanguruma."

"Alinguruma, baba?"

"Kama simba! Akasema, 'Binti yangu haolewi na mpiga kasia wa Wachina!' Mpaka kuku wakatawanyika."

"Kuku wangapi?"

"Sikuwahesabu, mwanangu, nilikuwa na huzuni."

"Na msichana? Ulimwona?"

"Kwa macho haya! Kafupi, jicho moja linatazama Mombasa na jingine Lunga Lunga. Nikamwambia Randu, Mungu kakuepusha."

Dama akasimama. Alikuwa mrefu, na siku hiyo alikuwa amevaa viatu vya visigino makusudi.

"Baba," akasema, "msichana wa Waa ndiye mimi. Nitazame vizuri. Jicho lipi linatazama Mombasa?"

Kibuyu kikamponyoka Ngala.

"Na mzee Sanga," Randu akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka, "tangu mwaka juzi hajasimama, baba mdogo. Wala hajasema neno. Ngurumo hiyo aliitoa wapi?"

Ngala akakiokota kibuyu, akakipangusa vumbi.

"Jua lilikuwa kali," Ngala alisema hatimaye, akiangalia vidole vya miguu yake. "Tulipofika Ukunda, huyu mwenzangu Menza akasema tupumzike. Akasema mnazi wa Ngala hauna mfano pwani nzima, tuonje tu, tusije tukawapelekea wakwe kitu kilichochacha. Ilikuwa heshima kwao."

"Mkaonja."

"Kwa uangalifu."

"Lita ishirini?"

"Tulikuwa waangalifu sana, mwanangu."

Mgema akisifiwa, wahenga walisema, tembo hulitia maji. Huyu alilitia tumboni, kisha akaona haya kurudi na dumu tupu bila habari, akatunga habari. Randu aliondoka akaenda kusimama mbali, mikono kichwani. Dama akamfuata. Huko nyuma Ngala alikuwa akimlaani Menza kwa majina yote.

"Miezi mitano," Randu alisema. "Kwa sababu ya kiu ya mzee mmoja."

"Nisamehe zile breki."

"Na panya?"

"Panya hapana. Panya unamwogopa kweli, nilikuona hotelini ukipanda juu ya meza."

Randu alitaka kukasirika, uso ukamsaliti. Akacheka, kisha kicheko kikakatika katikati.

"Dama, mimi nakusamehe. Lakini watu elfu sitini bado wananirudia kila asubuhi, mara tano tano. Huwezi kuifuta mifano hiyo?"

"Haifutwi."

"Basi nitaishi nayo?"

"Bado mfano mmoja," Dama alisema. "Wa kumi. Sikuurekodi." Akamgusa kola ya shati, akainyosha. "Nikiusema, hutakuwa na pa kujificha. Sio Waa, sio Uchina. Ukishindwa safari hii, Randu, sitakuachia hata jina la kuandika kaburini."

"Useme."

"Na dumu jipya huyu mzee atalibeba yeye. Kichwani. Kutoka barabara ya lami mpaka uani kwetu, kwa miguu, wanakijiji wakimwona. Zaidi ya hapo alete mbuzi, faini ya kosa lake. Na haonji."

Randu alimgeukia baba yake mdogo. Ngala, aliyekuwa amesikia kila neno, aliweka mkono kifuani kama aliyechomwa mkuki.

"Hata kidogo?" akauliza. "Mila inataka mleta mnazi aonje kwanza, wenyeji wajue hauna sumu!"

"Ataonja shangazi yangu wa kanisani," Randu alisema. "Ambaye hupiga chafya akiunusa."

*

Jioni ile Dama aliingia kabatini, akarekodi mfano wa kumi: Randu atakuja Jumamosi, bila kukosa.

Kufikia Alhamisi kampuni ilimpigia kuuliza amefanya nini, maana wanafunzi walikuwa wakijaza ukurasa kwa maswali. Jumamosi ipi? Atakuja wapi? Breki zimetengenezwa? Bi Qiu aliahirisha safari ya kurudi kwao, akanunua leso mbili Ukunda, akauliza zinafungwaje.

Jumamosi mzee Sanga alivalishwa tena shati jeupe. Alipoona linatolewa sandukuni aligeuza uso ukutani, na Dama ilibidi apige magoti mbele yake. "Baba, mara moja tu. Niamini mara moja." Mkono wa mzee usiopooza ukaja taratibu, ukamshika kichwa.

Saa tatu. Saa nne. Jua likamfuata, wakamsogeza. Saa tano shangazi Kache akaacha kuimba jikoni. Saa sita kasoro Dama alikuwa anakunja na kukunjua pindo la leso, na ndani ya kichwa chake alikwisha kutunga mifano mipya ishirini, kila mmoja mbaya kuliko mwenziwe.

Ndipo watoto wakapiga kelele njiani.

Mbele alitangulia Ngala, dumu kichwani, jasho linamchuruzika, anapumua kama mvukuto, watu wamejipanga pande zote mbili wakimpa pole za kejeli. "Haujachacha, baba?" "Onja kidogo tujue!" Nyuma yake mbuzi. Nyuma ya mbuzi shangazi wa kanisani, kitambaa puani. Nyuma yake Bi Qiu katika leso iliyofungwa vibaya, ameinua kile kibendera cha manjano. Na nyuma kabisa Randu, kanzu nyeupe ya kuazima inayomfikia nusu ya muundi, hajui aweke wapi mikono.

"Umechelewa," Dama alisema.

"Baba mdogo amepumzika mara tisa. Na kila mara nimelilinda dumu mimi mwenyewe."

Ngala alipiga magoti mbele ya kiti. Akaomba radhi, na safari hii hakutunga kitu. Mnazi ukamiminwa kwenye kata. Shangazi wa kanisani akaonja, akapiga chafya tatu, akathibitisha yuko hai. Ngala akaishika kata kwa mikono miwili, akampelekea mzee Sanga, na macho yake yalikuwa yakilifuata lile povu kama ya mtu anayeagana na mwanawe.

Mzee Sanga alimtazama. Alimtazama muda mrefu. Kisha akaipokea kata kwa mkono wake mzima, akainywa. Polepole. Funda kwa funda, bila kubandua macho kwenye uso wa Ngala. Akaimaliza yote. Akaipindua juu chini, tone la mwisho likaangukia mchanga, akamrudishia kata tupu.

Na upande mmoja wa mdomo wake, ule mzima, ukacheka.

Kelele zilizopigwa hapo zilisikika mpaka barabarani. Kache alipiga kigelegele, Bi Qiu akajaribu chake kikatoka kama filimbi ya refa. Randu akamsogelea Dama, akamnong'oneza, "Sasa je, mwalimu? Nimefaulu?"

"Umepita. Kwa alama chache."

"Basi utaniita mume?"

"Kwanza uwaambie wanafunzi wangu umefika. Elfu sitini wanangoja." Akamnyoshea ile kanzu fupi, akicheka kwa machozi. "Ndiyo, Randu. Nitakuita."

Harusi ilikuwa Desemba. Lakini wiki ile ile ya posa, kabla hajawaza gauni wala keki, Dama aliingia kabatini kati ya makoti ya mama yake, akafunga mlango. Neno jipya la wiki lilikuwa "thirsty", mwenye kiu. Akalieleza vizuri, kwa upole, kisha akasoma mifano kumi kwa ile sauti yake tamu.

Yote kumi ilikuwa na jina la Ngala.